Kona ya Maswali: Ugaidi ulianzia wapi?

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza lile bomu la ubalozi wa Marekani pale Dar liliua watu wangapi, mi nikajibu kwa mstari mmoja, 11, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yaliyofuata yamejaa meza na karibu yote ni hayo hayo ya ugaidi, kwahiyo wale wa ndoa na wa kesi za viwanja mnivumilie, zamu yenu toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kona. Mimi nafundisha sekondari huku Tanga. Juzi kijiweni kwenye kahawa tulibishana mpaka kikombe kikamwagika. Mmoja anasema ugaidi kauanzisha Osama, mwingine anasema umo kwenye dini toka zamani tukubali tu yaishe, wa tatu anasema umeletwa na wazungu. Nani kapatia?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba mwalimu. Wote watatu mmekosa, ila huyo wa mwisho kakosa kidogo kuliko wenzake.

Tuanze na jina. Gaidi kwa Kiswahili cha wazee ni jambazi tu, yule wa kukaba watu porini, siasa haikuwemo. Sisi tumelichukua hilo neno tukalivisha maana ya neno la wazungu, terrorist, na la wazungu lina kwao, kwao ni Ufaransa mwaka 1793. Wafaransa wameshampindua mfalme na kumkata kichwa, maadui wako mipakani, ndani njaa, basi kamati iliyoshika madaraka, Robespierre akiwa ndo sauti yake kubwa, ikaamua kutawala kwa kutia watu hofu na wala hawakuficha, Februari 1794 jamaa alisimama mbele ya bunge akasema wakati wa mapinduzi wema bila kitisho hauna nguvu. Watu kama 17,000 walihukumiwa kufa, wengi kwa gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa, na hapo hujahesabu waliokufa jela au waliouawa bila kesi. Julai mwaka huohuo zamu ikamfikia yeye mwenyewe, na waliobaki ndo wakaanza kuwaita watu wake kwa hilo jina. Kwahiyo gaidi wa kwanza kuitwa gaidi kisiasa alikuwa mtu wa serikali, ana ofisi na mhuri. Watu hili huwa hawalipendi nikilisema.

Kitendo chenyewe bila jina ni cha zamani zaidi. Wakati wa Warumi pale Yerusalemu kulikuwa na Wayahudi wanaficha majambia mafupi ndani ya nguo, sikukuu ikifika wanajichanganya na umati, wanamchoma Myahudi mwenzao anayeshirikiana na watawala, alafu wanaanza kupiga kelele na wengine jamani nani kafanya haya! Josephus, mwanahistoria wa zama zile, ndo katuachia hiyo habari. Miaka elfu moja baadaye Waismailia wa Nizari kwenye ngome ya Alamut kule Uajemi nao walikuwa wanaua mawaziri na makamanda mmoja mmoja kwa jambia, na leo jamaa wa dhehebu hilohilo tunawajua kwa hospitali na shule za Aga Khan, sasa mwambie huyo rafiki yako wa pili kama ugaidi unakaa ndani ya dini basi hapo ulitokaje.

Ila ukitaka kuona ugaidi kama tunavyoujua sisi, kikundi kidogo, bomu, tamko kwenye magazeti, nenda Urusi. Mwaka 1879 vijana wasomi walianzisha kundi waliloliita Narodnaya Volya, maana yake matakwa ya umma, na huo umma wenyewe wa wakulima walikuwa wamejaribu kuuamsha vijijini ukawakatalia, wengine wakakamatwa kwa kuchongewa na haohao wanavijiji. Sasa hasira ikageuka hesabu: kama watu hawaamki kwa maneno, tumuue mfalme, wataamka kwa kishindo. Na wakati ulikuwa umeiva, dainamiti Nobel alishaipatia hati mwaka 1867, kwahiyo kitu cha kubeba mkononi kiliweza kufanya kazi ya mzinga, na simu ya waya ilipeleka habari dunia nzima siku hiyohiyo. Walimwinda Aleksander wa Pili kwenye reli, wakalipua mpaka ndani ya kasri lake wakaua askari yeye akapona, na Machi 1881 wakampata barabarani Saint Petersburg, bomu la kwanza likamkosa, akashuka kwenye gari kuangalia majeruhi, la pili likammaliza.

Huyu ndo mfalme aliyewaachia huru watumwa wa mashamba mwaka 1861, na asubuhi ya siku aliyokufa alikuwa ameshakubali mpango wa kuwapa raia sauti kidogo kwenye kutunga sheria. Mwanae alipokalia kiti akautupa ule mpango akakaza kamba mara mbili, na mitaani watu wakawageukia Wayahudi wakawachomea nyumba. Umma haukuamka. Mi nikisoma habari za makundi ya leo huwa narudi hapa, maana karibu yote yanarudia hesabu ileile na kupata jibu lilelile.

Hao Warusi lakini walikuwa bado wanachagua nani afe. Mpaka ulivukwa Paris, Februari 1894, kijana wa miaka 21 anaitwa Émile Henry aliporusha bomu kwenye mgahawa watu wanakunywa bia wanasikiliza muziki. Mahakamani hakujitetea kwamba amekosea, alisema hata makarani wadogo wa pale wana hatia kwasababu wameuridhia mfumo. Hapo mwalimu ndo mzizi wenyewe, kuliko dini na kuliko utaifa: lile wazo kwamba hakuna asiye na hatia. Henry hakuwa na Mungu, alikuwa anakisti, yaani wale wasiotaka serikali ya aina yoyote. Februari 1998 Osama na wenzake walipotangaza kuwa kumuua Mmarekani, raia au askari, ni wajibu wa kila Mwislamu, maneno yalikuwa ya dini lakini hoja ni ya Henry ileile, raia analipa kodi basi raia ni askari.

Miezi sita haikufika. Tarehe 7 Agosti, Ijumaa asubuhi, mi nilikuwa Kinondoni, tukadhani transfoma imelipuka. Nairobi walikufa 213, Wamarekani wakiwa 12. Dar walikufa 11 na Mmarekani hakuwemo hata mmoja, boza la maji pale getini ndo lililozuia lile gari lisiingie ndani. Ukitazama hizo namba utajua waliouawa hawakuwa wanaolengwa, anayelengwa ni mtazamaji wa televisheni kule mbali, sisi tulikuwa karatasi ya kuandikia barua ya mtu mwingine.

SWALI: Mzee wa Kona habari. Mimi ni mjukuu wa mpiganaji wa msituni, niko Nyeri. Kwenye vitabu vya Waingereza guka wangu, yaani babu, ni gaidi, kwa sisi ni shujaa. Rafiki yangu mmoja huniambia basi hata Al-Shabaab watakuja kujengewa sanamu siku moja. Nimjibu vipi?
Mjukuu, Nyeri

JIBU: Mjukuu wangu, rafiki yako kakubana kwenye kona na wengi hupenda kuikimbia hiyo kona kwa kusema gaidi wa huyu ni mkombozi wa yule, basi mjadala umekwisha. Haujaisha.

Ni kweli jina hugawiwa na mwenye nguvu. Hali ya hatari Kenya ilitangazwa Oktoba 1952, na Mau Mau, hao wapiganaji wa msituni, waliendelea kuwa kundi haramu kisheria mpaka 2003, fikiria, miaka 40 baada ya uhuru! Kimathi, kamanda wao, alinyongwa Februari 1957, sanamu yake ikasimama Nairobi 2007. Mandela alikaa kwenye orodha ya magaidi ya Wamarekani mpaka 2008 wakati alishakuwa rais, alishastaafu, ana tuzo ya amani ya Nobeli nyumbani. Menachem Begin alikuwa kiongozi wa kundi lililolipua hoteli ya King David pale Yerusalemu mwaka 1946 wakafa watu 91, baadae akawa waziri mkuu wa Israeli, naye Nobeli anayo. Ndo maana Umoja wa Mataifa mpaka leo hawana maana moja ya ugaidi waliyokubaliana wote, na Waafrika mwaka 1999 walipoandika mkataba wao Algiers waliweka kifungu kabisa kwamba kupigania uhuru dhidi ya ukoloni sio ugaidi. Baadhi ya viongozi wa Afrika wa wakati ule waliwahi kuitwa magaidi wao wenyewe.

Ila mi naona tunakosea tunapompa jina mtu mzima mzima, au lengo lake. Lipe jina tendo. Guka wako kudai ardhi ya Nyanda za Juu iliyopewa masetla, hiyo ni haki, na kupigana na askari wa mkoloni msituni ni vita. Usiku ule kijijini Lari Machi 1953, pale nyumba zilipochomwa na wanawake na watoto wa wale walioitwa waaminifu kwa serikali wakiwa ndani, huo ni ugaidi na aliyefanya hawezi kusafishwa na uhuru. Na kisasi kilichofuata kikaua watu wengi zaidi, hicho nacho ukiite nini? Walinyongwa zaidi ya 1,000 kwa amri za mahakama, maelfu kwenye makambi, pale kambi ya Hola mwaka 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa serikali ikasema wamekufa kwa kunywa maji. Masetla waliouawa na Mau Mau kwa miaka yote ile ni 32. Waingereza wenyewe mwaka 2013 walikubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso yale, baada ya wazee hao kuwapeleka mahakamani.

Sasa Al-Shabaab. Garissa Aprili 2015 waliua 148, karibu wote wanafunzi, kwa kuwatenga nani Mwislamu nani Mkristo. Hapo hakuna ardhi iliyodaiwa wala askari aliyewindwa. Mwambie rafiki yako sanamu ataisubiri sana.

SWALI: Asalaam alaykum Mzee wetu. Niko Maskati, asili yetu Unguja. Masheikh wengi wanasema hawa akina Daesh, yaani ISIS, ni Khawarij wa leo. Wengine wakisikia mimi Ibadhi wananiambia basi Khawarij ndo nyie! Nataka kujua hawa watu fikra yao wameipata wapi hasa.
Ami yako, Maskati

JIBU: Waalaykum salaam ami yangu. Hao wanaokutania wamesoma nusu ukurasa.

Khawarij walitoka kwenye jeshi la Sayyidna Ali baada ya vita vya Siffin mwaka 657, walipoona amekubali usuluhishi wakasema hukumu ni ya Mungu peke yake, na mwenzao Ibn Muljam ndo akamuua Ali kwenye mji wa Kufa mwaka 661. Kali zaidi kati yao walikuwa Azariqa, kwao Mwislamu asiyekuwa upande wao ni kafiri na damu yake ni halali, hata mke na mtoto. Na hapo Basra ndipo Abdallah bin Ibadh alipowakatalia, akaachana nao. Yaani Ibadhi inaanzia kwenye kuukataa huo ukali, ami. Mwaka 2005 wanazuoni karibu 200 walipokutana Amman wakapiga marufuku Waislamu kukufurishana, wakataja madhehebu nane yanayotambulika, Ibadhi imo.

Ila hawa wa leo sioni kama wameshika mkono wa Azariqa moja kwa moja, kuna miaka elfu na zaidi hapo katikati na kamba imekatika. Fikra yao ina umri wa babu yangu, imetokea jela ya Misri. Sayyid Qutb alikuwa mtu wa fasihi na wizara ya elimu, akapelekwa Marekani 1948 kusomea mambo ya elimu, akarudi ameichukia ile nchi, akajiunga na Ndugu Waislamu, jumuiya ya kidini na kisiasa ya Misri. Nasser, mtawala wa Misri, alipowageuka 1954 Qutb akafungwa, akateswa, na mwaka 1957 wafungwa wenzake 21 wakauawa kwa risasi mlemle gerezani. Alichojiuliza kinaeleweka, Mwislamu gani anaweza kumfanyia hivi Mwislamu? Akajijibu huyo sio Mwislamu. Akatanua jibu, jamii yote inayotii sheria za binadamu imerudi jahiliya, yaani ujinga wa kabla ya Uislamu, na kitabu alichoandika humo ndani kilipotoka 1964 kikawa ushahidi dhidi yake, akanyongwa Agosti 1966. Kunyongwa kwake kumeuza vitabu kuliko angeachwa azeeke.

La kusahauliwa ni kwamba waliompinga wa kwanza ni watu wa nyumbani kwake. Kiongozi wa Ndugu Waislamu, Hudaybi, naye akiwa kifungoni, aliandika jibu zima kwamba kazi yetu ni kulingania, kuhukumu nani kafiri sio kazi yetu. Halikuvuma. Kilichovuma ni Misri 1981 kijana kumpiga rais Sadat risasi kwenye gwaride, na kabla ya hapo mwaka 1979 ambao peke yake unataka toleo zima: Iran mapinduzi, Novemba watu wenye silaha wanauteka Msikiti wa Makka, Desemba Wasovieti wanaingia Afghanistan. Vita hiyo ya Afghanistan ikapewa pesa za Marekani na Saudia, wakaenda vijana wa Kiarabu, na 1988 kikabaki kikundi kidogo kinachotafuta adui mwingine. Ndo Al-Qaeda hiyo.

SWALI: Mzee mi dereva wa boda Mbagala. Si ni umaskini tu huu? Mtu akipewa milioni mbili tatu anabeba chochote.
Boda, Mbagala

JIBU: Umaskini upo ila ungekuwa umaskini tu mngekuwa mmeshatulipua wote, maana bei ya mafuta tunaijua. Osama alitoka kwenye ukwasi, Zawahiri msaidizi wake alikuwa daktari wa upasuaji, na Sofia Perovskaya aliyepunga leso kuwapa ishara wale wa Saint Petersburg, baba yake aliwahi kuwa gavana wa mji huohuo. Kwa wale wa chini, UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, waliwahoji waliojiunga kwa hiari na makundi ya Afrika, ripoti ikatoka 2017: asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni kitendo cha serikali, ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Na zaidi ya nusu walikiri maandiko ya dini hawayaelewi au hawayasomi. Ukirudi juu kwa Qutb utaona ni njia ileile, pesa inakuja kama nauli tu, mtu ameshaamua safari.

SWALI: Shikamoo baba. Nauza samaki hapa Mtwara. Mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 19, siku hizi anatuambia swala zetu batili, imamu wa mtaa kafiri, shule haramu, anasikiliza mawaidha kwenye simu usiku kucha. Nasikia ugaidi wa Cabo Delgado kule Msumbiji ulianza hivihivi. Nikaripoti polisi au ninyamaze?
Mama mkubwa, Mtwara

JIBU: Marahaba mama. Cabo Delgado ni kweli ilianza karibu hivyo. Kabla ya Oktoba 2017 walipovamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, walikuwa vijana wanagombana na masheikh misikitini, wanaingia na viatu, wanakataza watoto shule, na wazee wa Kiislamu wa kule ndo walioipigia serikali kelele mapema. Mawaidha waliyokuwa wanasikiliza mengine yalitoka Mombasa, ya mhubiri Aboud Rogo aliyepigwa risasi 2012, na yalikuwa ya Kiswahili, haikuhitaji mkalimani kuvuka Ruvuma. Juu yake kulikuwa na hasira za kweli, gesi na rubi zimegunduliwa na wenyeji wanaondolewa kwenye ardhi. Oktoba 2020 waliwafikia hata huku kwenu, kijiji cha Kitaya.

Lakini mama, vijana wanaosema imamu kafiri ni wengi na wengi huishia kuoa na kusahau. Kumkufurisha mtu kwa mdomo sio ugaidi. Usimfukuze, maana akitoka kwako atakwenda kwa wanaompenda kwa hayo maneno. Usimwache pia peke yake na hiyo simu. Tafuta sheikh mwenye elimu, sio mwenye sauti, na asiwe huyo imamu aliyeshamtukana, akae naye mara nyingi bila hasira, amwache aseme yote. Muulize, mama yake alipokufa nani alikuwa anampa chakula na nani alimpa hizo rekodi, uyasikilize majibu yote mawili. Siku akianza kuuza vitu vyake, kuaga watu, kuzungumzia safari ya kusini bila kusema anakwenda kwa nani, au ukiona silaha, hapo usiandike tena kwangu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na yule sheikh muende polisi watatu siku hiyohiyo, msiende wawili, na ulizeni amepelekwa kituo gani.

Kabla ya hapo nijibu: baba yake yuko wapi?